Chujio lililotuacha nje hosteli nzima

Wiki hii nimepata ujumbe mwingi kuliko kawaida, na karibu wote unauliza kitu kimoja: jamani, zile siku mbili za usajili mtandao ulikuwa na nini? Maana maneno yaliyozagaa hapa chuoni hayana idadi. Wengine wanasema ni wadukuzi. Wengine wanasema chuo hakijalipa bili. Jamaa mmoja wa ghorofa ya tatu ana uhakika kabisa kwamba waifai ilizimwa makusudi ili tuchelewe kujisajili tulipe faini (huyu nilimuuliza ushahidi, akanijibu "we subiri tu utaona").

Sasa kwa kuwa muhula huu mimi ndiye mtu wa elimu peke yangu kwenye kozi ya mitandao, wengine wote ni wahandisi na hawaachi kunikumbusha, na kwa kuwa nilikwenda kumwona fundi mwenyewe ofisini kwake, ngoja niwamwagie nondo. Ni ndefu kidogo. Ukiwa na chai, weka karibu.

Jibu fupi ni hili: hakuna aliyezima kitu. Mitambo yote ilikuwa inawaka taa za kijani kama kawaida. Kampuni mojawapo inayotuuzia intaneti ilikuwa na chujio kwenye ruta yake, na hosteli zetu hazikuwemo kwenye orodha ya chujio hilo. Basi.

Jibu refu ndilo lenye utamu, na ndilo litakalonikosanisha na baadhi yenu, kwa sababu mimi niko upande wa chujio.

Tuanzie hapa. Mnajua intaneti si mtandao mmoja. Ni maelfu kwa maelfu ya mitandao inayojitawala, kila mmoja na namba yake wanayoiita namba ya AS. Chuo kikubwa kinaweza kuwa nayo, kampuni ya simu inayo, Google wanayo. Mitandao hii inaambiana njia kwa lugha inayoitwa BGP. Na BGP ilivyo ni kama majirani wa mtaani: mtu anasema "mimi najua kwa fulani, pitia kwangu", jirani anasikia, naye anamwambia jirani yake "ukitaka kwa fulani pitia kwangu, mimi nitakupeleka kwa yule", na habari inatembea hivyo hivyo mpaka dunia nzima inajua. Walioiandika mwaka 1989 ni mabwana wawili, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, na inasimuliwa kuwa michoro ya kwanza waliichora kwenye karatasi za kujifutia mikono wakati wa chakula. Enzi hizo mitandao ilikuwa michache na wenyewe wanafahamiana. Kwa hiyo lugha hii ilizaliwa na tabia moja: inaamini inachoambiwa. Ukiniambia unajua njia ya kwenda kwa Google, mimi nakuamini, sikuulizi umeijuaje.

Kinachotangazwa siyo anwani moja moja, ingekuwa balaa. Kinatangazwa kipande cha mwanzo cha anwani kinachowakilisha fungu zima. Hapa mwenzangu wa chumba, ambaye anasoma Kiswahili na Historia, alinicheka kweli kweli aliponiona nahangaika kutafuta neno. "Si kiambishi awali hicho!" Na ndicho. Ukiona vi- mwanzoni mwa neno unajua ngeli yake kabla hujafika mwisho. Ruta nayo inasoma mwanzo wa anwani inajua fungu lake, haijali mwisho. Kuanzia hapa nitaandika kiambishi, na wahandisi wakinuna shauri yao.

Anwani halisi za chuo siziandiki hapa. Nitatumia zile zilizotengwa maalumu kwa mifano ya vitabuni. Chuo kina kiambishi cha zamani, tuseme 198.51.100.0/24, ambacho kinatumiwa na maofisi, na kipya, tuseme 203.0.113.0/24, kilichopatikana baada ya hosteli kujaa waifai. Kila kimoja kina anwani 256. Na tunanunua intaneti kwa kampuni mbili. Ya kwanza ndiyo tunayoitumia kila siku, ya pili ni akiba.

Jumanne ya usajili, mtambo wa kuchimba barabara ulikata faiba ya kampuni ya kwanza. Hili wala si la ajabu, mji mzima unachimbwa. Kwa utaratibu, ruta ya chuo ilitakiwa kuhamia kampuni ya pili yenyewe bila mtu kugusa kitu, na ndivyo ilivyofanya. Lakini si mnakumbuka? Ofisini kwa wahadhiri mtandao ulikuwa unapaa, huku hosteli na maktaba ukurasa wa usajili unazunguka, unazunguka, unazunguka... Ndiyo maana watu wakasema tumefanyiwa makusudi. Na kwa macho, kweli ilifanana na makusudi!

Hapa kuna jambo lililonichukua wiki mbili kulizoea darasani. Tangazo la njia na data vinakwenda pande tofauti. Fikiria kadi za harusi. Kadi zinatoka kwako zinakwenda kwa watu, halafu wageni wanakuja kutoka huko kwa watu kuja kwako. Ukitaka wageni waje, lazima kadi zitoke. Chuo kinapotangaza 203.0.113.0/24 kinasambaza kadi: "watu wa fungu hili wako kwangu, waleteeni majibu yao hapa." Kampuni ya pili ilizipokea kadi mbili zetu, ikatazama orodha yake, ikaona cha zamani kimo, cha kipya hakimo. Cha zamani ikakipitisha, cha kipya ikakitupa. Kimya kimya. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna simu, hakuna barua.

Kwa hiyo ukiwa hosteli ombi lako la kujisajili lilitoka, likafika hadi kwenye seva (mfumo wa usajili uko kwenye seva za kukodi, nje ya chuo), seva ikaandaa jibu, halafu jibu likakosa njia ya kurudi, kwa sababu huko nje hakuna aliyepata kadi ya fungu lako. Ulikuwa unabisha hodi, mwenyeji anaitikia karibu, lakini sauti yake haikufikii. Ofisini walikuwa na anwani za fungu la zamani, wao maisha yaliendelea.

Mwenzangu wa chumba hakuwa na bando. Bumu lilikuwa halijatoka, na mnajua hali inakuwaje siku kumi kabla ya bumu. Akasubiri waifai Jumanne, akasubiri Jumatano, mlango ukafungwa Jumatano saa 6 usiku. Sasa anadaiwa faini ya kuchelewa, na jina lake halijaingia kwenye orodha ya waliosajiliwa, ambayo ndiyo inayotumika kutoa fedha. Nilipomweleza habari ya chujio aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. Akasema, "Kwa hiyo kuna mtu ameweka kizuizi, kizuizi hakina faida, kimeniponza, na wewe unakuja kunielezea kilivyotengenezwa? Si wakitoe!"

Sikumjibu usiku ule. Mtu mwenye njaa humfundishi mitandao. Lakini swali lake ni la haki, na wahandisi niliowauliza walilijibu kwa dharau tu ("haliwezekani hilo"), kwa hiyo nalijibu mimi.

Mwezi Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungiwe nchini humo. Tarehe 24 kampuni ya simu ya taifa, Pakistan Telecom, ikafunga kwa njia rahisi: ndani ya mtandao wake ikatangaza kiambishi cha YouTube kana kwamba ni chake, halafu kila data inayokuja inatupwa shimoni. Kwa Wapakistani peke yao ingeishia hapo. Lakini tangazo likatoka nje. Likafika kwa kampuni iliyokuwa inawauzia intaneti, PCCW ya Hong Kong, na PCCW haikuwa na chujio la kuuliza "hivi huyu mteja wangu toka lini ana anwani za YouTube?" Ikaamini. Ikawaambia majirani zake. Majirani wakaambia majirani.

YouTube walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22, fungu la anwani 1,024. Pakistan walitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha anwani 256 ndani ya lile fungu. Na sheria ya ruta popote duniani ni kwamba aliye mahsusi zaidi ndiye anayefuatwa. Ukiuliza njia ya kwa shangazi yako, mmoja akakwambia "Sinza? Naijua", mwingine akakwambia "Sinza Kijiweni, mtaa wa pili, nyumba ya geti la bluu", utamfuata yupi? Utamfuata wa pili hata kama ni mwongo. Dunia ikamfuata wa pili. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa 3 na dakika 47 usiku. YouTube wakaanza kujitetea saa 5 na dakika 7, wakatangaza nao kile kile kipande cha 256, na dakika 11 baadaye wakakipasua vipande viwili vya 128 ili wao ndio wawe mahsusi zaidi. Hali ilitulia PCCW walipoyaondoa matangazo yale ya uongo, saa 6 na dakika 1 usiku. Zaidi ya saa mbili dunia ilikuwa inatuma maombi yake ya video kwenye shimo la Pakistan, na hakuna mdukuzi hata mmoja aliyehusika.

Angalia hapo kuna milango miwili iliyoachwa wazi. Pakistan Telecom hawakuchuja kinachotoka kwao. PCCW hawakuchuja kinachoingia kutoka kwa mteja. Mlango mmoja tu ungefungwa, stori isingekuwepo. Na ule mlango wa PCCW, wa kumchuja mteja, ndio huo huo uliotufungia sisi Jumanne. Kampuni yetu ya pili ilifanya sawasawa kile ambacho PCCW hawakukifanya mwaka 2008! Ilisema: mteja huyu namjua kwa kiambishi hiki, zaidi ya hapo sipitishi.

Mtasema hayo ya Asia yako mbali. Haya, tuje Afrika. Tarehe 12 Novemba 2018, MainOne ya Nigeria ilikuwa na muunganiko wa moja kwa moja na Google kule Lagos, kitu kizuri sana, data haizunguki Ulaya ndipo irudi. Njia za namna hiyo unapewa kwa matumizi yako na ya wateja wako. Huruhusiwi kuzitangaza kwa jirani mwingine kama vile wewe ndiye njia kuu ya kwenda Google. Wakiwa wanaboresha mtandao wao wakakosea machujio ya BGP (walisema wenyewe hadharani), njia zaidi ya 200 za Google zikavujia kwa China Telecom, nao wakazipokea na kuzisambaza. Kwa dakika 74 watu wa mabara mengine waliokuwa wanaitafuta Google walijikuta wanapelekwa China na Nigeria, na wengi hawakufika popote. Fikiria faiba ya Lagos inabebeshwa wageni wa dunia. Ni kama mtu akusikie una gari dogo akutangazie kwamba unasafirisha abiria wa mkoa mzima.

Sasa rudi kwenye swali la mwenzangu. Ukitoa machujio, ndicho unachopata. Halafu zile siku mbili za hosteli moja zinakuwa saa mbili za dunia nzima, na safari ijayo si YouTube, ni benki yako.

Naomba niwape kidogo namna chujio lenyewe linavyoandikwa, kwa sababu ukiliona kwa macho hasira zinapungua. Nilitengeneza ruta tatu za mfano kwenye laptopu kwa GNS3: chuo, kampuni ya kwanza, kampuni ya pili. Kwenye ile ya pili unaandika orodha ya viambishi. Mstari wa kwanza: ruhusu 198.51.100.0/24. Halafu unamwambia ruta, "kila kitu kinachoingia kutoka kwa chuo kipitishe kwenye orodha hii." Mstari mmoja tu. Nikatangaza viambishi vyote viwili kutoka chuo, nikaenda kutazama upande wa pili: kimoja kimefika, kingine hakipo. Hosteli yetu hiyo, imepotea mbele ya macho yangu saa 8 usiku nikiwa na kikombe cha uji.

Kinachokera ni kwamba mstari uliotutupa nje haukuandikwa na mtu. Ruta inasoma orodha kutoka juu kwenda chini, ikikuta mstari unaolingana inaishia hapo, na ikifika mwisho bila kukuta kitu kuna mstari usioonekana unaosema: vilivyobaki vyote, kataa. Haumo kwenye maandishi. Ukichapa orodha kwenye karatasi huuoni. Lakini upo, na ndio wenye nguvu kuliko yote. Chujio la chai linazuia majani unayoyaona, hili linazuia kila ambacho hukukitaja.

Nikaongeza mstari wa pili, ruhusu 203.0.113.0/24, nikaiambia ruta iulize upya. Sekunde chache, hosteli imerudi. Siku mbili za mateso, faini, machozi ya mtu, dawa yake mstari mmoja. Nilikaa naangalia ile skrini nisijue nicheke au nifanyeje.

Sera za njia zina mengine mengi zaidi ya kuruhusu na kukataa. Unaweza kusema njia za kampuni ya kwanza zipewe upendeleo 200 na za pili zibaki na 100 ya kawaida, ndivyo ruta ya chuo inavyojua nani mkuu na nani akiba. Unaweza kurudia namba yako mara tatu kwenye tangazo ili njia ionekane ndefu na watu waikwepe. Unaweza kuweka kikomo: jirani huyu kawaida ananipa njia mbili, siku akinipa laki moja, mkatie mazungumzo, kuna jambo. (Tarehe 25 Aprili 1997 mtandao mmoja wa Marekani wenye namba 7007 ulimwaga maelfu ya njia za watu wengine ukavuruga intaneti ya wakati huo. Kikomo cha namna hii ndicho kingewaokoa majirani zake.) Hayo nitayaandika siku nyingine, au ombeni madesa kwa wahandisi.

Narudi kwa fundi. Nilimkuta anakula, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwalimu, karibu (watu wa elimu wote anatuita walimu, na napenda). Nikamuuliza moja kwa moja: kampuni ya pili haikuambiwa kama tuna kiambishi kipya? Akafungua kompyuta akanionyesha. Barua pepe ya ombi ilitumwa ule ule mwezi tulipokipata. Jibu lipo: tumepokea, tutalishughulikia. Halafu basi. Ilikaa huko kwenye sanduku la mtu, labda yule mtu alihama idara, labda alikwenda likizo. Kwa kuwa kampuni ya kwanza ilikuwa nzima, hakuna aliyeona tofauti. Yeye fundi aliomba apewe usiku mmoja wa kuzima kampuni ya kwanza makusudi ili ajaribu akiba kama inashika, akaambiwa asubiri watu wakienda likizo. Mtambo wa barabara haukusubiri likizo.

Kwa hiyo mimi kama kuna kitu cha kukasirikia, ni ile barua pepe. Orodha inayoamua kama watu wa hosteli nzima wanajulikana duniani au hawajulikani ilikuwa inategemea kumbukumbu ya binadamu mmoja mwenye sanduku lililojaa. Na hili halina ulazima, kwa sababu dawa ipo na haihitaji barua. Sisi Afrika tuna AFRINIC, wako Mauritius, ndio wanaogawa anwani bara zima. Mwenye kiambishi anaweza kuingia kwenye akaunti yake huko akaweka cheti chenye sahihi ya kidijitali kinachosema: kiambishi hiki kinaruhusiwa kutangazwa na namba hii ya AS, na mwisho wa kukatwakatwa ni hapa. Kampuni ya pili ingekuwa inachota rekodi hizo kila usiku na kutengeneza orodha yake kwa programu, tungekuwa tumeingia siku ile ile fundi alipojaza. Tena mtu wa mbali akijidai kiambishi chetu ni chake, mitandao inayokagua vyeti itamkataa. Pakistan ya 2008 ingekamatwa na hilo, maana namba iliyotangaza haikuwa ya YouTube. Nigeria ya 2018 isingekamatwa, maana mwenye mali pale alibaki kuwa Google yule yule, kilichokosewa ni mapito. Kwa hayo kuna nyongeza ya BGP ya mwaka 2022 ambamo majirani wanatambulishana kwanza, wewe mteja, mimi muuzaji, yule jirani sawa, na njia inabeba alama ya kuizuia isirudi ilikokatazwa. Cheti hakitibu kila kitu, sitaki mniambie nimewadanganya.

Wahandisi wanasema mambo haya mtu wa elimu ya nini, atakwenda kufundisha watoto kuchapa barua. Mimi nasema watoto hao hao siku moja wataambiwa "mtandao uko chini" na watakubali, kama sisi tulivyokubali siku mbili tukitafuta mchawi. Laiti mtu mmoja tu pale hosteli angejua kujaribu kitu kidogo, kuona kwamba maombi yanatoka ila majibu hayarudi, na kwamba ofisini kunapita, angempigia fundi Jumanne saa 5 asubuhi badala ya Jumatano jioni. Fundi alikuwa ofisini, kwenye fungu la zamani, kwake kila kitu kinapita! Hakujua mpaka mtu alipokwenda kumgongea.

Basi hali ilivyo leo. Faiba ya kampuni ya kwanza imeungwa. Kampuni ya pili imeongeza ule mstari, Alhamisi ya wiki ile ile, baada ya simu nne. Fundi ameshaweka vyeti vya viambishi vyote viwili AFRINIC, nimeviona kwa macho yangu. Kampuni ya pili kama itaacha kuandika orodha kwa mkono, hilo ni lao na hawajajibu. Na ule usiku wa kujaribu akiba umepangwa, Jumapili ijayo kuanzia saa 7 usiku, kwa hiyo kama utakuwa unashusha muvi wakati huo usije ukasema sikukwambia.

Mwenzangu ameandika barua kuomba asitozwe faini. Fundi ameambatanisha maelezo ya ukurasa mmoja yenye saa na dakika, yanaonyesha kwamba fungu la hosteli halikuwa na njia kutoka Jumanne asubuhi hadi Alhamisi. Mtu wa ofisi ya fedha aliyasoma mara mbili akauliza, "kiambishi ndiyo nini?" Tunarudi kwake Jumatatu saa 4, mimi na mwenzangu. Yeye ndiye atakayeelezea, amesema ngeli anaziweza kuliko mimi.